Land Rover Dormobile ya 109: Nunua Paa na Makabati, Injini Itapatikana

Mtu anayetaka kununua Land Rover Dormobile ya miaka ya 1960, yaani Land Rover lililogeuzwa kuwa gari la kulala, kwa kawaida huanza kwa kuinama chini ya gari akiwa na tochi na bisibisi, akichokoa chasisi ili aone kutu imefika wapi. Ukaguzi huo ni wa lazima, lakini haufai kuwa wa kwanza. Baada ya kulinunua gari la aina hii hapa Uingereza, kulifungua lote mpaka likabaki mifupa na kulijenga upya, nina hakika kwamba vinavyopaswa kukaguliwa kwanza ni vile ambavyo wengi huviona kama mapambo: paa linaloinuka, viti vinavyogeuka kitanda, makabati, jiko, na kila bawaba na komeo linalovishikilia. Karibu kila kilicho chini ya madirisha ya gari hili unaweza kukiagiza leo kikiwa kipya, lakini kilicho juu na ndani kikipotea utakitafuta miaka na huenda usikipate.

Gari lenyewe ni tunda la viwanda viwili. Kampuni ya Rover ilitengeneza Land Rover ya inchi 109 pale Solihull, karibu na Birmingham, na urefu huo wa inchi 109, yaani takriban mita 2.77, ni wa kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Kazi ya kuligeuza kuwa makazi ilifanywa na Martin Walter wa Folkestone, mji wa pwani katika mkoa wa Kent, kampuni iliyoanza mwaka 1773 kwa kutengeneza lijamu na hatamu za farasi. Katika miaka ya 1950 kampuni hiyo ilikwisha kujipatia jina kwa kugeuza magari ya mizigo ya Bedford kuwa magari ya kulala, na miaka ya 1960 ikaligeukia Land Rover la abiria. Soko la Bedford lilikuwa familia za Kiingereza zilizotaka likizo ya bei nafuu ufukweni. Land Rover lilikuwa ghali zaidi, zito zaidi na lenye kunywa mafuta zaidi, kwa hiyo lilinunuliwa na watu wachache waliokuwa na safari ngumu mbele yao, na mengi ya magari hayo yalitumika mpaka yakaisha. Hiyo ndiyo sababu ya uhaba wake leo. Sababu nyingine inasikitisha zaidi: kwa miaka mingi gari hili lilipochoka, mwenye nalo alikuwa akiling'oa paa lililopasuka, akabandika paa la kawaida la bati, akatupa makabati na kuendelea kubebea kondoo na majani makavu.

Sisi tuliokulia Karatu na Arusha tunalijua Land Rover 109 tangu utotoni kama gari la misheni, la hospitali, la hifadhi na la mashamba ya kahawa. Kwa hiyo ninaposema kwamba Dormobile ni 109 lenye nyumba ndani yake, msomaji wa Afrika Mashariki anapata picha ya nusu ya gari papo hapo. Nusu ya pili ndiyo inayohitaji maelezo.

Paa ni ganda moja refu la faiba lenye madirisha madogo, nalo limefungwa kwa bawaba upande mmoja wa gari, si mbele wala nyuma. Ukiwa ndani unafungua makomeo, unalisukuma juu kwa viganja viwili, springi zinalipokea, na linafunguka kwa ubavu, huku turubai lenye mistari myekundu na myeupe likijikunjua kutoka kwenye mikunjo yake na kukaza kuta za kitambaa kuzunguka pande zote. Mtu mrefu anasimama wima bila kuinamisha kichwa. Ndani ya paa hilo mna machela mbili za turubai, moja kila upande, zinazotandazwa kwenye fito za chuma, na hizo ndizo vitanda vya juu. Chini, migongo ya viti inalala na mito yake inaungana kuwa kitanda cha watu wawili. Nyuma, kando ya mlango, kuna jiko la gesi lenye mafiga mawili na sehemu ya kuchomea mkate, sinki dogo linaloletewa maji kwa pampu ya mkono, na kabati jembamba la kutundikia nguo. Yote hayo yameingizwa katika gari lenye urefu wa takriban mita 4.4, ambao ni mfupi kuliko magari mengi ya familia yanayouzwa sasa. Sijaona gari jingine la zama zile lililotumia nafasi kwa akili namna hii huku likiwa na uwezo wa kuvuka mto.

Katika kununua, nilijifunza kuyagawa magari yanayotangazwa katika mafungu. Kuna machache yaliyokwisha kutengenezwa vizuri, na bei yake hutisha. Kuna yaliyolala ghalani, yenye kutu lakini kamili, na haya ndiyo ya kukimbilia. Halafu kuna yale ya hatari: Land Rover la abiria la kawaida ambalo mtu amelipandisha paa la Dormobile lililookotwa kwenye gari bovu, akaweka kabati la mbao alilojitengenezea, kisha akaandika tangazo kwa jina la Dormobile. Kufanya hivyo si kosa kwa mtu anayetaka tu mahali pa kulala, ila bei haifai kuwa ile ile. Tazama kama kibati cha Martin Walter kipo. Tazama mahali paa linapokutana na bodi, kwani kazi ya kiwandani ina mistari iliyonyooka na misumari ya ribiti iliyopangwa kwa mpango, na kazi ya nyumbani hujaa gundi. Tazama sakafuni kama matundu ya bolti za viti na makabati yanalingana na vilivyopo. Kisha linganisha namba. Kwenye magari haya namba ya chasisi imepigwa kwenye chuma cha mbele upande wa kulia kinachoshika springi, na ni lazima isomeke sawa na kibati cha ndani na hati ya usajili. Mahali hapo hukaa matope na kutu, kwa hiyo beba brashi ya waya na uombe ruhusa ya kusugua. Muuzaji mkweli hatakataa.

Gari langu ni la mwaka 1966, toleo linaloitwa Series IIA, lenye injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286. Nililipata likiwa na chasisi mbovu kiasi kwamba kidole kilipenya, lakini kila kitu cha ndani kilikuwemo, hata kishikio cha pampu ya maji na vifungo vya mapazia. Rafiki aliyenisindikiza, ambaye ni fundi mzuri, alinishauri niliache nichukue jingine lililokuwa na chasisi imara na ndani tupu. Nilimheshimu lakini sikumfuata, na sasa tumekubaliana kwamba hesabu ilikuwa upande wangu.

Nieleze kuhusu kutu, kwa sababu kwetu wengi huamini kwamba Land Rover haishiki kutu. Imani hiyo ina nusu ya ukweli. Bodi ni ya aloi ya alumini, uamuzi uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1940 wakati chuma kilipokuwa kikigawiwa kwa mgao baada ya vita, na alumini haiozi kama chuma. Lakini chasisi ni ya chuma, nayo ni sanduku lenye uwazi ndani. Matope na maji huingia, na katika nchi hii chumvi ya kuyeyushia barafu barabarani huingia pamoja nayo, hivyo chuma huliwa kutoka ndani kwenda nje. Unapoona tundu dogo, ujue ukuta wa ndani ulikwisha zamani. Sehemu za kwanza kuoza ni boriti ya nyuma, mikono inayotokeza pembeni kushika bodi, na vishikio vya springi. Ukuta wa mbele unaotenganisha injini na miguu ya dereva nao ni wa chuma, na huoza pale miguu inapokanyaga na kwenye nguzo za milango. Zaidi ya hayo, palipo na chuma kinachogusana na alumini katika unyevu, alumini huliwa na kubaki unga mweupe. Ndiyo maana bodi ya gari lisilooza inaweza kukuvunjikia mkononi pembezoni mwa milango.

Tiba ni chasisi mpya iliyozamishwa kwenye zinki. Zinatengenezwa hapa Uingereza kwa vipimo vya awali, zikiwa na matundu yote mahali pake, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kuchomelea viraka juu ya viraka kwenye chasisi ya zamani isipokuwa kama uharibifu ni wa sehemu moja tu. Gharama ya chasisi yenyewe si kubwa ukilinganisha na saa za kazi: kila kitu lazima kivuliwe, kuanzia bomba la breki hadi tangi la mafuta. Ushauri wangu ni kuitumia nafasi hiyo kubadilisha nyaya zote za umeme, mabomba ya breki na mipira ya springi, kwa sababu hutapata tena siku ambayo vitu hivyo vinafikika ukiwa umesimama. Na kabla ya kuhamisha bodi, lifunge paa, likaze kwa kamba na uweke fito za kuzuia mwili wa gari usijipinde. Bodi ya Dormobile imekatwa juu ili kupitisha mtu, kwa hiyo haina ugumu wa bodi ya kawaida, na ikijipinda hata kidogo paa halitafunga sawa tena.

Mitambo haihitaji maneno mengi. Injini hii ni mvumilivu, haina kompyuta, na vipuri vyake vinapatikana kwa bei ya kawaida. Gia ni nne, na gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kulainisha uingiaji, kwa hiyo dereva anapaswa kujifunza kukanyaga klachi mara mbili anaposhuka. Breki ni za ngoma pande zote nne, nazo zinataka kurekebishwa mara kwa mara na dereva anayeona mbali. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto. Lilowanishe, lifute, usilipulize kwa pampu ya hewa hata kama umeona mafundi wengi wakifanya hivyo. Magari ya kabla ya 1967 yana umeme ambao chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, hivyo usiunganishe redio au chaja ya kisasa bila kuhakikisha kwanza. Na tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida hapa ina ethanoli hadi asilimia 10, ambayo hudhuru mipira ya zamani ya mafuta. Badilisha mipira hiyo, na jaza petroli ya daraja la juu yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5.

Sasa turudi ndani, ambako fedha na subira yangu vilikwenda zaidi kuliko nilivyotarajia. Turubai la paa lilikuwa limekauka na kupasuka kwenye mikunjo. Wapo mafundi wachache hapa Uingereza wanaoshona turubai jipya kwa kitambaa chenye mistari ya asili, na tofauti kati ya fundi anayelijua paa hili na fundi wa mahema wa kawaida ni kubwa. Wa kwanza anaacha ziada mahali paa linapokunja na kuweka mshono mbali na mkunjo. Wa pili anapima likiwa wazi, linapendeza likiwa wazi, kisha halifungi. Mimi nilianzia kwa wa pili. Karakana hiyo, ambayo sitaitaja, si tu kwamba ilishona turubai lisilofunga, bali pia ilitupa turubai la zamani bila kuniuliza, na turubai la zamani ndilo kielelezo cha kukatia jipya. Kwa hiyo nawasihi wanaofuata njia hii: hata kama kitambaa kimekuwa matambara, kikunje, kiweke, kirudi nyumbani kwako.

Faiba ya paa ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, ambazo si za kuogopesha, na ufa mmoja mpana kwenye bawaba, ambao ni wa kuogopesha, kwa sababu uzito wote wa paa hupita hapo. Ufa wa namna hiyo haufai kujazwa puti na kupakwa rangi. Unasuguliwa kwa ndani hadi faiba safi, unapandishwa tabaka za kitambaa cha faiba na resini zinazozidiana upana, kisha bamba la bawaba linarudishwa likiwa na mpira mpya chini yake. Kazi hiyo nilimwachia fundi wa mashua, na naipendekeza njia hiyo kwa moyo wote. Watu wa mashua huijua faiba kuliko watu wa magari.

Makabati ni ya plaiwudi. Maji yakiingia, tabaka huachana, lakini uso wa nje ukiwa mzima inawezekana kubadilisha mbao ya nyuma tu na kuuacha uso wa awali pamoja na mikwaruzo yake. Nilifanya hivyo kila nilipoweza. Jiko ni habari tofauti, kwa kuwa hapo usalama unautangulia uasili. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja huzama sakafuni na kutulia pale unapolala. Lazima pawe na tundu la kuitolea nje chini kabisa ya sehemu ya mtungi. Mipira na regeleta viwe vipya, na fundi wa gesi aliyesajiliwa akague kabla ya kuwasha. Kengele ya kutambua hewa ya kaboni monoksidi ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na gari la kulala lisilokuwa nayo siwezi kulisifia hata likiwa zuri kiasi gani.

Likishakamilika, linakaaje? Barabarani ni gari la mwendo wa kilomita 80 hadi 90 kwa saa, lenye kelele za gia na upepo, linalokunywa takriban lita 16 hadi 19 kwa kilomita 100. Kwenye barabara kuu malori hulipita. Ukitoka lami, mambo hubadilika kabisa: unabonyeza kirungu cha njano, magurudumu ya mbele yanaingia kazini, gari likisimama, unavuta mkono mwekundu, na gia nzito zinalibeba taratibu hadi juu ya mlima wenye matope bila kuteleza. Nimelala nalo kwenye milima ya Wales mvua ikinyesha usiku kucha, na turubai lililoshonwa vizuri halikupitisha hata tone, ingawa pumzi ya watu wanne ililowesha madirisha mpaka ikabidi kuacha tundu la hewa wazi. Vitanda vya juu vinawafaa watoto. Mtu mzima mwenye mwili atapanda, lakini kugeuka ni shida. Kitanda cha chini kinatosha watu wawili wanaopendana. Kupika ndani kunawezekana paa likiwa limeinuliwa tu, na jiko hilo dogo linatoa chai ya tangawizi na wali wa kutosha familia kama utaanza mapema.

Anayetaka starehe zaidi kwa fedha pungufu atafute Volkswagen iliyogeuzwa kuwa gari la kulala na kampuni ya Westfalia. Ina joto, ina kimya cha afadhali, vipuri vyake vya ndani ni vingi, na klabu zake zimejaa kila nchi. Dormobile ya Land Rover namshauri yule tu ambaye kweli atatoka lami, na ambaye kazi ya mikono kwake si adhabu.

Kuhusu sheria za hapa, gari lililozidi miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana husamehewa kodi ya barabara na ukaguzi wa kila mwaka. Msamaha wa kodi niliupokea kwa shukrani, ila ukaguzi naendelea kulipeleka kwa hiari, kwa sababu breki za ngoma hazisomi sheria. Bima chukua ile ambayo thamani ya gari mmekubaliana mapema kwa maandishi na picha, la sivyo likiungua utalipwa bei ya gari kuukuu la kawaida.

Wengi wameniuliza kama naweza kulipeleka nyumbani. Usukani uko kulia, kwa hiyo barabara zetu za Kenya na Tanzania linazifaa, na mafundi wanaolifahamu hawakosekani Arusha wala Nanyuki. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza kwa matumizi ya kawaida gari lililozidi miaka minane, na Tanzania huongeza ushuru kwa magari makuukuu. Njia iliyo wazi ni kuingia nalo kwa muda kama msafiri, kwa hati ya forodha ya kimataifa ya magari, ambayo huombwa kabla ya safari kwa kuweka dhamana, hugongwa muhuri mpakani wakati wa kuingia na wa kutoka, na humtaka mwenye gari alitoe nchini kabla muda haujaisha. Anayepanga hivyo ahakikishe kwamba namba ya chasisi kwenye hati hiyo, kwenye usajili na kwenye chuma chenyewe ni moja, na kama amebadilisha chasisi kama nilivyofanya mimi, abebe risiti ya chasisi mpya na picha za kazi nzima katika bahasha moja.